Vidonge vya Baba na ukungu wa mchele wa Kyoto

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kumsalimia mzee wangu. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa hesabu, na tangu astaafu kazi zake ni tatu: kufuga kuku, kusikiliza taarifa ya habari, na kunisahihishia Kiswahili ninachoandika gazetini. Siku hiyo baada ya chakula cha usiku nilimwona anafungua boksi la dawa, anatoa pakiti ya vidonge, anaitazama, halafu anairudisha bila kumeza kitu.

"Baba, mbona humezi?"

"Leo siyo zamu yake," akanijibu. "Nilimeza jana."

Zamu? Nikaomba nione cheti cha daktari. Kimeandikwa wazi kabisa: atorvastatini, miligramu 20, kidonge kimoja kila siku. Mzee alikuwa anaruka siku kwa makusudi. Nilipombana ndipo akanieleza. Duka la dawa walimwonyesha maboksi mawili. Moja lina jina kubwa la kampuni ya Kimarekani, jingine limetoka India. Dawa ileile, kipimo kilekile, lakini bei ya la kwanza ni mara kadhaa ya bei ya la pili. Mzee akaamua kwamba kitu cha bei rahisi namna hiyo lazima kina kasoro. Akanunua la ghali, na kwa kuwa pensheni ina mipaka yake, akawa anameza leo na kuruka kesho ili boksi la mwezi mmoja limfikishe miezi miwili.

"Bora nusu ya kitu cha kweli kuliko kizima cha bandia, mwanangu. Au wewe mwandishi unasemaje?"

Mwandishi hakuwa na la kusema. Mimi si daktari wala mfamasia. Ninachojua ni kuuliza maswali na kusoma, kwa hiyo niliporudi Dar nikaanza kusoma. Nilitaka kujua jambo moja tu: inakuwaje dawa moja iwe na bei mbili? Nilichokipata ni hadithi ndefu yenye ukungu wa mchele, kuku, mahakama na mabilioni ya dola. Kaa chini, chukua chai, nikusimulie.

Tuanze na kolesteroli yenyewe, ile ambayo mtaani tunaiita mafuta kwenye damu na wengine wanaiita lehemu. Wengi tunadhani ni sumu. Hapana. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo, maana inatumika kujenga kuta za chembe hai na kutengeneza homoni. Na sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo haitoki kwenye chipsi mayai wala nyama choma. Inatengenezwa mwilini mwetu wenyewe, hasa kwenye ini. Shida inakuja pale inapozidi kwenye damu, hasa ile aina inayoitwa LDL, ikaanza kuganda kwenye kuta za mishipa. Mishipa inapungua upenyo, na siku damu ikiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

Mwaka 1913 Mrusi mmoja, Nikolai Anitschkow, aliwalisha sungura kolesteroli mjini St Petersburg na mishipa yao ikaharibika. Lakini sungura ni mla majani, kwa hiyo wengi hawakushawishika. Mwaka 1948 Wamarekani walianza kuwafuatilia watu 5,209 katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Kadiri miaka ilivyopita, ikaonekana kwamba wenye kolesteroli nyingi, wenye shinikizo la damu na wavuta sigara ndio walioongoza kwa magonjwa ya moyo.

Na huku kwetu? Huku kwetu miaka hiyo ugonjwa huu ulikuwa nadra kiasi kwamba mgonjwa mmoja alikuwa habari. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, alikuwa mmoja wa walioandika mwaka 1956 katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, makala nzima! Leo sidhani kama kuna msomaji wangu asiyemfahamu mtu mmoja aliyepata kiharusi.

Kuna kisa kingine cha kwetu ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Kimarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja Tanganyika kuwapima Wamasai. Alishangaa. Watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Matokeo yakatoka mwaka 1964, na Mann akawa mmoja wa wapinzani wakali wa wale waliosema chakula cha mafuta ndicho chanzo cha kila kitu. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa yao ilikuwa imeanza kuharibika kama ya Wazungu, lakini ilikuwa mipana, damu ikipita bila taabu. Mann alihusisha upana huo na kutembea kwao kila siku. Ubishi kuhusu chakula ukaendelea kwa miongo kadhaa, na kwa kweli haujaisha mpaka leo.

Lakini ukiacha ubishi wa chakula, palikuwa na swali jingine. Kama ini ndilo kiwanda, je, kiwanda hakiwezi kupunguzwa kasi? Kampuni moja ya Marekani, Merrell, ilijaribu. Mwaka 1960 ikatoa dawa iitwayo MER/29. Mwaka 1962 ikaondolewa sokoni kwa sababu watumiaji walipata mtoto wa jicho na kukatika nywele. Mbaya zaidi, ikagundulika kwamba takwimu za majaribio ya wanyama zilikuwa zimepikwa. Baada ya aibu hiyo kampuni nyingi hazikutaka hata kusikia habari ya kuzuia kolesteroli.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake nilikuwa sijawahi kulisikia, na pengine hata wewe hujawahi. Anaitwa Akira Endo. Alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima huko Akita, kaskazini mwa Japani. Tangu utotoni alivutiwa na uyoga na ukungu. Kijijini kwao kulikuwa na uyoga unaoua nzi lakini hauui watu, na kijana huyo hakutulia mpaka aufanyie majaribio. Shujaa wake alikuwa Alexander Fleming, yule Mskoti aliyegundua penisilini kwenye ukungu. Alipomaliza Chuo Kikuu cha Tohoku mwaka 1957 akaajiriwa na kampuni ya Sankyo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta kimeng'enya cha kusafisha juisi ya matunda.

Mwaka 1966 akaenda New York kwa masomo ya miaka miwili. Alichokiona kilimshtua: wazee wanene kuliko alivyowahi kuona Japani, na magari ya wagonjwa yakipita mara kwa mara kuwachukua watu wa mshtuko wa moyo. Akarudi nyumbani na wazo lake. Ukungu, akafikiri, unapigana vita na vijidudu vingine kila siku. Penisilini ni silaha mojawapo ya vita hivyo. Basi huenda kuna ukungu wenye silaha nyingine, inayomnyima adui uwezo wa kutengeneza mafuta ya aina hii, maana vijidudu vingi vinayahitaji ili viishi.

Mwaka 1971 yeye na msaidizi wake Masao Kuroda wakaanza kupima aina moja ya ukungu baada ya nyingine. Mia, elfu, elfu mbili. Kwa miaka miwili walipima aina zaidi ya 6,000. Fikiria, msomaji wangu, kwenda kazini kila asubuhi kwa miaka miwili na karibu kila jioni jibu ni "hakuna kitu". Mwaka 1973 jibu likabadilika. Kwenye mchele uliochukuliwa katika duka la nafaka mjini Kyoto kulikuwa na ukungu wa rangi ya bluu na kijani, jamaa wa karibu wa ule wa Fleming, jina lake la kitaalamu Penicillium citrinum. Ndani yake mlikuwa na kemikali iliyokikamata kile kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Wakaiita kompaktini. Hiyo ndiyo statini ya kwanza duniani.

Ungedhani wakubwa wake walichinja ng'ombe kusherehekea. Wapi! Walipompa panya dawa hiyo, kolesteroli haikushuka. Wataalamu wa kampuni wakasema huo ndio mwisho wa habari, haina maana kuendelea. Mambo yalibaki hivyo mpaka jioni moja mwaka 1976, Endo akiwa baa karibu na maabara, akakutana na mwenzake Noritoshi Kitano aliyekuwa anafanya utafiti kwa kuku wa mayai. Mayai yana kolesteroli nyingi, kwa hiyo Endo akawaza, kuku hawa lazima wanatengeneza kolesteroli nyingi kuliko panya. Akaomba atumie kuku ambao walikuwa wachinjwe baada ya utafiti. Kolesteroli ya kuku ikashuka karibu nusu. Baadaye ikashuka kwa mbwa, na ikashuka kwa nyani.

Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Osaka akaomba dawa hiyo kwa ajili ya binti wa miaka 18. Binti huyo alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya kolesteroli ipande kupita kiasi, na hapakuwa na dawa nyingine. Kolesteroli ikashuka. Misuli nayo ikaanza kulegea, wakapunguza kipimo, wakaendelea na wagonjwa wengine. Mambo mawili tunayoyajua leo kuhusu statini, kwamba zinafanya kazi na kwamba zinaweza kusumbua misuli, yote yalionekana kwa mgonjwa wa kwanza.

Mwishoni mwa mwaka huo Endo akaacha kampuni, akaenda kufundisha chuo kikuu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1980, Sankyo ikasimamisha majaribio ya kompaktini. Mbwa waliopewa dozi kubwa mno kwa miaka miwili walionekana kuwa na kitu kinachofanana na saratani. Endo hakukubaliana na tafsiri hiyo, lakini hakuwa tena ndani. Dawa ya kwanza ikafia kabatini.

Sasa hamia Marekani. Mwaka 1976 kampuni ya Merck ilikuwa imeomba Sankyo iipe sampuli na taarifa za kompaktini kwa makubaliano ya kutunza siri. Ikapewa. Halafu Merck, chini ya mkuu wake wa utafiti P. Roy Vagelos na mwanakemia Alfred Alberts, ikaanza kutafuta ukungu wake yenyewe. Endo alipima elfu sita. Alberts alipata jibu mwaka 1978 baada ya sampuli 18 tu! Ni bahati, ndiyo, lakini pia ni kwamba alikuwa tayari anajua kitu anachokitafuta kipo. Kemikali hiyo ndiyo ilikuja kuitwa lovastatini. Wakati huohuo Endo, akiwa chuoni kwake, akagundua kemikali katika ukungu mwekundu na kuiombea hataza Japani mapema mwaka 1979. Walipolinganisha, ni kitu kilekile kimoja.

Hataza, kwa asiyejua, ni haki ya serikali inayompa mvumbuzi ruhusa ya kuuza peke yake kwa muda maalumu. Nchi nyingi zilimpa haki aliyewasilisha maombi kwanza. Marekani wakati huo ilimpa aliyevumbua kwanza. Kwa hiyo dawa moja ikawa na wenyewe wawili, kutegemea uko nchi gani. Na Marekani, soko kubwa kuliko yote, ikawa ya Merck.

Merck nayo iliposikia habari za mbwa wa Japani ilisimamisha majaribio mwaka 1980. Hapa nawapa heshima madaktari. Wachache waliokuwa na wagonjwa mahututi wa ugonjwa ule wa kurithi waliomba dawa hiyo kwa ajili yao, wakaona inafaa. Majaribio makubwa yakarudi mwaka 1984, na mwaka 1987 serikali ya Marekani ikaipitisha lovastatini kwa jina la Mevacor. Miaka miwili kabla, mwaka 1985, Michael Brown na Joseph Goldstein walikuwa wamepata tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi ini linavyoikamata LDL kutoka kwenye damu. Ini likizuiwa kutengeneza kolesteroli yake, huongeza vipokezi vya kuivuta ile iliyomo kwenye damu. Ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Lakini kushusha namba kwenye karatasi ya maabara siyo sawa na kuokoa maisha. Je, watu wanaacha kufa? Jibu lilikuja mwaka 1994 kutoka nchi za Skandinavia. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa, nusu wakapewa simvastatini ya Merck, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na zaidi kidogo, upande usio na dawa walikufa watu 256. Upande wenye dawa walikufa 182. Watu 74 zaidi waliokuwa hai. Baada ya hapo ubishi kuhusu wagonjwa wa moyo ulikwisha. Kilichobaki, na kinachobishaniwa hata leo, ni kuhusu watu ambao bado hawajaugua: nani apewe na nani asipewe.

Na penye hitaji la mamilioni ya watu, kidonge kimoja kila siku, maisha yote, ndipo soko linapotokea. Mfanyabiashara gani hapendi mteja wa aina hiyo?

Mwaka 1985 mwanakemia Bruce Roth, wa kampuni ya Warner-Lambert mjini Ann Arbor, Michigan, alitengeneza atorvastatini, dawa ya baba. Hii haikutoka kwenye ukungu, ilitengenezwa maabara moja kwa moja. Ndani ya kampuni wapo waliosema isiendelezwe, maana ingechelewa sokoni wakati wenzao wameshatawala. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1997 kwa jina la Lipitor ilikuwa ya tano. Lakini ilishusha kolesteroli zaidi ya zilizotangulia, na Pfizer ikaingia ubia wa kuiuza kwa jeshi lake la mawakala wanaozunguka kwa madaktari. Mwaka huohuo wa 1997 Marekani ililegeza masharti ya matangazo ya dawa kwenye televisheni. Mwaka 2000 Pfizer ikaona ubia hautoshi, ikainunua Warner-Lambert nzima kwa karibu dola bilioni 90. Kufikia mwaka 2006 Lipitor peke yake ilikuwa inaingiza zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka. Ilikuwa dawa iliyouzwa kuliko zote katika historia.

Ushindani wenyewe ulikuwa na vituko. Bristol-Myers Squibb, iliyokuwa inauza Pravachol (statini ambayo Sankyo ilikuja kuitoa kwenye ileile kompaktini ya Endo), ililipia utafiti wa kuilinganisha dawa yake na Lipitor. Matokeo yakatoka mwaka 2004: mshindi Lipitor! Umelipia refa, uwanja na mpira, halafu umefungwa nyumbani.

Vingine havikuwa vya kuchekesha. Bayer ya Ujerumani ilikuwa na statini yake iitwayo Baycol. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopewa dozi kubwa au kuchanganyiwa na dawa nyingine ya mafuta iitwayo gemfibrozili, misuli ilivunjikavunjika na mabaki yake yakaziba figo. Agosti 2001 ikaondolewa sokoni, vifo 52 vikiwa vimeripotiwa duniani.

Na kuna tangazo maarufu la Lipitor lililosema inapunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 36. Baba yangu, mwalimu wa hesabu, angeuliza: asilimia 36 ya nini? Maandishi madogo chini ya tangazo yalijibu. Katika utafiti wenyewe, waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata mshtuko wa moyo asilimia 3. Waliomeza Lipitor, asilimia 2. Yaani katika kila watu 100, mmoja ndiye aliyeepushwa. Si uongo, na mtu huyo mmoja anaweza kuwa baba yako. Lakini watatu kuwa wawili, na asilimia thelathini na sita, havisikiki sawa masikioni. Msemaji wa matangazo hayo alikuwa Robert Jarvik, mvumbuzi wa moyo bandia, ambaye hakuwa na leseni ya kutibu watu. Alionekana akipiga makasia ziwani, kumbe mpiga makasia alikuwa mtu mwingine! Bunge la Marekani lilipoanza kuuliza, Pfizer ikayaondoa matangazo Februari 2008.

Sasa turudi kwenye maboksi mawili. Tarehe 30 Novemba 2011 hataza ya Lipitor ikaisha nchini Marekani. Kuanzia hapo kampuni nyingine zikaruhusiwa kutengeneza dawa hiyo bila jina la Lipitor. Hizi ndizo dawa za jeneriki. Hazina ulazima wa kurudia majaribio ya maelfu ya watu, zinatakiwa kuthibitisha kwamba kemikali ni ileile, kipimo ni kilekile, na inaingia kwenye damu kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo bei inashuka. Unapolipa bei ya boksi la jina kubwa leo, sehemu kubwa unalipia jina.

Wahindi walikuwa wameanza mapema zaidi. Sheria yao ya mwaka 1970 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ilitoa kwa njia ya kuitengeneza tu. Ukipata njia nyingine ya kufika palepale, ruksa. Sheria hiyo ilibadilika mwaka 2005, lakini viwanda vilikuwa vimeshakomaa. Ndiyo sababu maduka yetu ya dawa yamejaa maboksi ya India. Na Tanzania, kama nchi nyingine zinazohesabiwa kuwa nyuma zaidi kimaendeleo, hailazimiki chini ya mkataba wa biashara ya dunia kulinda hataza za dawa mpaka mwaka 2033. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka simvastatini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2007, yaani dawa ambazo nchi yoyote, hata maskini, inatakiwa kuwa nazo.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeshinda hoja na baba. Lakini ningekuwa nimemficha kitu. Kampuni ya kwanza kuruhusiwa kuuza jeneriki ya Lipitor Marekani ilikuwa Ranbaxy ya India. Novemba 2012 ikalazimika kurudisha mafungu ya dawa hiyo kwa sababu ya vipande vidogo vya kioo. Mwaka 2013 ikakiri makosa mahakamani, yakiwemo ya kuuza dawa zisizofikia viwango na kutoa taarifa za uongo, ikalipa dola milioni 500. Aliyeifichua alikuwa mfanyakazi wake wa zamani, Dinesh Thakur. Kwa hiyo hofu ya mzee haikutoka hewani.

Na unajua nani alikuwa mmiliki mkubwa wa Ranbaxy wakati huo? Daiichi Sankyo ya Japani, iliyoinunua mwaka 2008. Sankyo ileile iliyoacha dawa ya Endo ifie kabatini, ikarudi miaka 30 baadaye kuuza jeneriki ya dawa ya wengine, na bado ikaumia.

Wiki iliyopita nilirudi Morogoro na daftari langu. Nilimsimulia mzee yote haya tukiwa bandani. Kisa cha kuku wa Kitano alikipenda sana, akawatazama kuku wake kwa heshima mpya. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Huyo Mjapani, walimlipa kiasi gani?"

Nikamwambia Endo hakupata mrabaha wowote kwa statini. Alipewa tuzo, ikiwemo ya Lasker ya Marekani mwaka 2008, lakini Nobel haikumfikia. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90. Mzee akanyamaza kidogo. "Kama mwalimu," akasema.

Kuhusu maboksi, nilimwambia ukweli kama nilivyoukuta. Bei kubwa haithibitishi ubora, na bei ndogo haithibitishi ubovu. Kinachothibitisha ni ukaguzi. Kwa hiyo aulize kama dawa imesajiliwa na TMDA, anunue kwenye duka lenye mfamasia, na kabla ya kubadilisha chochote amwone daktari wake. Jumatatu tulikwenda wote. Daktari alimpima damu, na namba haikuwa nzuri. Alimwuliza kama anameza kila siku. Mzee, ambaye maisha yake yote amewachapa wanafunzi kwa kudanganya, akatazama chini na kusema ukweli.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia boksi la India, kidonge kila siku, maumivu yoyote ya misuli aseme mapema, na arudi baada ya miezi mitatu kupima tena. Kama dawa haifanyi kazi, karatasi ya maabara itasema. Mzee akafurahi, maana hilo ni jambo la namba.

Ninaandika haya kwa sababu nina hakika baba yangu hayuko peke yake. Kama una mzazi au mjomba anayemeza dawa za presha, sukari au mafuta, muulize leo, kwa heshima, anamezaje. Usiulize kama anazo. Uliza anamezaje. Halafu njoo utusimulie hapa.